Hatamu ya farasi wa Pwani: pesa kidogo uziweke wapi

Farasi wa ufukweni, awe wa Nyali, wa Bamburi au wa ng'ambo ya Likoni huko Diani, huvaa hatamu tangu maji yanapoanza kupwa mpaka wageni waishe. Muda wote huo ngozi na chuma vinaliwa na chumvi, mchanga na jasho. Ndiyo maana ushauri ulioandikwa Uingereza, kwenye baridi na nyasi, haututoshi. Huko watu wanahangaika na tope. Sisi tunahangaika na chumvi, na kazi yake haionekani mpaka siku bizimu inapokatika mgeni akiwa juu.

Kama pesa ni kidogo, ziende kwenye chuma, kwenye mishono na kwenye kipimo. Zisiende kwenye urembo, wala kwenye mikanda ambayo farasi wako haihitaji.

Majina kwanza, ili tusipotezane. Hatamu ni vazi zima la kichwani. Mkanda wa utosi hupita nyuma ya masikio na ndio unaobeba kila kitu. Mkanda wa paji huuzuia ule wa utosi usirudi shingoni. Mikanda miwili ya mashavu hushuka kutoka utosini hadi kwenye lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni chenye pete pande zote mbili. Mkanda wa koo huzuia hatamu isivuke masikio na kuchomoka. Mkanda wa pua huzunguka pua, na vigwe ndivyo anavyoshika mpandaji. Sehemu karibu zote hushikana kwa bizimu, kama zile za mshipi wa suruali, kwa hivyo nyingi zinaweza kununuliwa moja moja. Hapo ndipo nafuu ya kwanza ilipo: si lazima ununue seti nzima.

Mkanda wa pua, kwa farasi wa kutembeza wageni, uache. Lijamu haishikiliwi nao. Wengi huufunga kwa sababu hatamu ya kwenye picha inao, kisha wanaubana, na mara nyingine unashuka hadi kwenye sehemu laini ya pua. Farasi hupumua kwa pua tu, hawezi kuvuta pumzi kwa mdomo kama sisi. Ukimbana hapo, umembana pumzi. Lakini mkanda wa koo usiuache kamwe. Farasi akijikuna kichwa kwenye goti lake au kwenye shina la mnazi, hatamu isiyo na mkanda wa koo humtoka, na mgeni anabaki na vigwe mkononi visivyofunga kitu.

Lijamu na vyuma vingine

Lijamu ndiyo sehemu pekee inayokaa ndani ya mdomo wa farasi, kwa hivyo ndiyo ya kulipia kwanza. Hukaa kwenye ufizi mtupu, ule mwanya kati ya meno ya mbele na magego, juu ya ulimi na ngozi nyembamba iliyofunika mfupa. Lijamu ya chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli au kromu hung'aa kuliko zote dukani. Kipya kinyemi kingawa kidonda, na hapa kidonda ni cha kweli: chumvi hupenya kwenye mkwaruzo mdogo, kutu huanza chini ya lile ganda linalong'aa, kisha ganda huinuka na kuwa na makali kama kigae. Usiamini macho. Pitisha kipande cha soksi ya nailoni juu ya chuma chote, hasa pale pete inapoingia. Soksi ikikwama mahali, mdomo wa farasi nao utachubuka mahali hapohapo.

Nenda dukani na sumaku ndogo. Steinlesi nyingi zinazotengenezewa lijamu hazivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo sana. Shaba ya manjano haivutwi kabisa. Sumaku iking'ang'ania kama kwenye msumari, yaelekea hicho ni chuma kilichopakwa. Zipo steinlesi zinazovutwa, kwa hivyo ukiwa na shaka tazama ndani ya tundu la pete, mahali ambapo upakaji haufiki vizuri. Kama ni chuma cha kupakwa, mara nyingi rangi yake hubadilika hapo. Fanya jaribio hilohilo kwa kila bizimu na kila ndoano. Zipo pia lijamu za chuma kilichoachwa makusudi kishike kutu, maana ladha yake humfanya farasi atoe mate. Hizo waachie watu wa bara, kwa sababu hewa ya bahari huzila mpaka zikawa na mashimo.

Kuhusu umbo, chagua la upole. Lijamu yenye kiungo kimoja katikati hukunjika kama koleo vigwe vikivutwa na huweza kugonga kaakaa. Yenye viungo viwili na kipande kifupi katikati hulala vizuri zaidi juu ya ulimi. Unene wa milimita 14 hadi 16 unafaa farasi wengi. Nyembamba hukata, lakini usidhani kwamba nene zaidi ndiyo ya huruma zaidi: farasi mwenye ulimi mnene na mdomo mdogo hana nafasi ya kuiweka. Lijamu zenye mikono mirefu na mnyororo chini ya kidevu zisiletwe ufukweni kabisa. Mikono ile huzidisha nguvu ya mvuto, na mgeni anayepanda kwa mara ya kwanza hujishikilia kwa vigwe kila anapoyumba.

Upana wa mdomo hupimwa hivi. Chukua kijiti laini, kipitishe mdomoni pale lijamu itakapokaa, na utie alama pande zote mbili midomo inapoishia. Ongeza nusu sentimita kila upande kama pete zinazunguka, pungufu kidogo kama pete hazizunguki. Lijamu nyingi huuzwa kwa inchi, na kipimo ni kile cha kati ya pete na pete. Inchi 5 ni karibu sentimita 12.7, farasi wengi wa kimo cha kati huangukia hapo au nusu inchi juu yake. Ikiwa pana mno, huteleza upande mmoja kila kigwe kikivutwa. Ikiwa fupi, pete hubana kona za mdomo.

Kabla ya kumlaumu farasi anayetikisa kichwa, mwombe daktari wa mifugo amwangalie magego. Farasi wengine huota jino dogo mbele ya magego ya juu, na lijamu hulipiga. Hakuna hatamu, hata iwe ya bei gani, itakayotibu hilo.

Ngozi au mkanda wa plastiki?

Kwa farasi anayeingia majini, mimi ningenunua mkanda wa poliesta uliovikwa plastiki kabla ya ngozi ya bei ya chini. Ni ule mkanda ambao ndani una ufumwele wa nguvu na nje una ngozi ya plastiki laini. Haunywi maji, haupati ukungu wakati wa masika, na huoshwa kwa kuutia ndani ya ndoo. Ngozi nzuri hupita plastiki kwa ulaini na kwa kumkaa farasi kichwani, lakini ngozi mbaya iliyolowa maji ya bahari na kukauka juani mara kumi ni hatari, na ngozi nzuri si ya bei nafuu. Usichanganye mkanda huu na ule wa nailoni mtupu unaouzwa kwa rangi za kuvutia. Nailoni huwa na kingo kali, hushika mchanga ndani ya ufumwele, na mchanga ule husugua shavu kama msasa.

Aina inayofaa zaidi ufukweni ni ile inayounganisha kamba ya kichwa (vazi la kichwani lisilo na lijamu, la kumfungia na kumwongozea farasi) na hatamu: mikanda ya kichwa yenye pete, na lijamu inayoning'inizwa kwa ndoano mbili. Wageni wakipungua, saisi, yaani mtunza farasi, anafungua ndoano, anatoa lijamu, farasi anakunywa maji na kula bila chuma mdomoni. Saisi pia anamwongoza kwa kamba iliyofungwa kwenye pete ya chini ya kidevu. Hili ni kubwa, maana kuongoza kwa kigwe kimoja huvuta pete ya lijamu kuingia mdomoni. Kitu kimoja cha kukagua hapo ni zile ndoano. Za aloi nyepesi, za kijivu kisichong'aa, huganda kwa chumvi au huvunjika ulimi wa ndani. Taka za steinlesi au shaba, na uzifungue na kuzifunga mara kadhaa ukiwa bado dukani.

Mikanda ya plastiki ina ubaya wake: haikatiki. Farasi akifungwa kwa vigwe kwenye mti akashtuka, ngozi ingekatika kabla ya shingo yake kuumia au lijamu kumpasua mdomo. Hii haitakatika. Kwa hivyo usimfunge kwa hatamu hata dakika moja. Mfunge kwa kamba ya kichwa, na kamba ya kumfungia uipitishe kwenye kitanzi cha kamba nyembamba ya katani kinachoweza kukatika.

Ukiamua ngozi, mpya au kuukuu

Hatamu nzuri iliyokwisha tumika, hasa zinazotoka kwa watu wa farasi Nairobi, mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Lakini ikague kwa mikono yako. Picha za simu hazionyeshi mahali inapokatikia.

Ngozi haikatiki katikati ya mkanda. Hukatika pale inapokunjwa kuzunguka chuma: kwenye pete ya lijamu, kwenye bizimu, kwenye ndoano za vigwe. Kwa hivyo fungua. Toa mkanda wa shavu kwenye pete, unyooshe ule mkunjo, kisha ukunje upande wa pili kwa kidole gumba. Ndani ya mkunjo utaona rangi halisi ya ngozi na historia yake yote. Ukiona mistari midogo ya juu juu inayopotea ukiachia, hiyo ni kawaida. Ukiona nyufa zinazokata mkanda kwa upana, kama tope lililokauka, au unga mwekundu ukibaki kidoleni, iache hata kama unapewa bure. Unga ule ni ngozi iliyokwisha kuoza. Hakuna mafuta yatakayoirudisha.

Kisha tazama matundu. Tundu zima ni duara. Lililovutika likawa refu kama punje ya mchele linaonyesha ngozi imelegea. Angalia pia uzi pale unapopita karibu na bizimu, maana huko jasho hukaa. Vuta mshono kwa ukucha: ukiinuka, uzi umeoza.

Kwa ngozi mpya, mambo manne yatakuonyesha ubora. Ukingo uliokatwa uonyeshe nyuzi zilizoshikana, bila tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi. Upande wa chini uwe laini, usiwe na manyoya yanayong'oka; ikiwa chini ni kitambaa au plastiki, hiyo ni ngozi ya kusagwa na kugandishwa. Unene uwe milimita 3 hadi 4. Na kitambaa cheupe kilicholowa, ukikisugua, kisitoke cheusi kabisa: rangi inayotoka dukani itatoka tena kwa jasho, kwenye shavu la farasi na kwenye nguo za mgeni.

Mishono ihesabu. Mitatu hadi minne kwa kila sentimita ni sawa. Michache zaidi hulegea. Mingi mno hutoboa ngozi kama stempu na kuifanya ikatike kwenye mstari wa matundu. Mshono wa mkono wa sindano mbili hushinda ule wa mashine, kwa sababu uzi mmoja ukikatika wa pili bado umeshika.

Ribiti zinazogusa ngozi ya farasi zikatae.

Kumpa fundi kazi

Mombasa tuna bahati ya mafundi wa viatu na wa makubadhi wenye mkono mzuri wa msharasi. Fundi anayeweza kushona kubadhi lisiloachia anaweza kushona mkanda wa shavu. Lakini hatamu si kiatu, na makosa yanayotokea ni yaleyale kila mara, kwa hivyo mweleze mapema.

La kwanza ni unene. Ngozi ya juu ya kiatu ni nyembamba mno. Taka ngozi ya ng'ombe ya mgongoni, nene, iliyotengenezwa kwa dawa za magome ya miti. (Pwani hii iliwahi kusafirisha magome ya mikoko kwa kazi hiyohiyo.) Ngozi ya tumboni hunyooka kama mpira. La pili: mikanda miwili ya mashavu ikatwe bega kwa bega kutoka kipande kimoja, kufuata uti wa mgongo. Ikikatwa sehemu mbalimbali, mmoja utanyooka kuliko mwenzake na lijamu itakaa mshazari. La tatu: kabla ya kushona, aning'inize mikanda usiku kucha na uzito wa kilo chache, ili ule mnyooko wa mwanzo uishe kabla ya matundu kutobolewa. La nne: pale mkanda unapokunjwa kwenye bizimu, apunguze unene kwa kisu upande wa ndani, ashone kwa uzi wa nta, wala asitegemee gundi.

Vipimo vya kumpa: mikanda ya mashavu upana wa milimita 16, wa utosi 30 ili usikate nyuma ya masikio, vigwe 16 hadi 19. Matundu yawe sentimita 2 hadi 2.5 mbali. Bizimu mletee wewe mwenyewe. Zile zinazong'olewa kwenye mishipi ya mitumba ya Kongowea nyingi ni aloi iliyopakwa, na ulimi wake hupinda.

Vigwe ningevifanya vya mkanda wa pamba, si ngozi. Ngozi iliyolowa jasho huteleza, pamba haitelezi na hufuliwa. Kila kimoja kiwe kama sentimita 135 hadi 150 kwa farasi mkubwa. Kwa mtoto aliyepanda farasi mdogo vifupishe, maana kitanzi kinachoning'inia huweza kunasa mguu.

Kipimo cha kichwa

Majina ya saizi huwa matatu makuu: ya poni, ya kati na kubwa. Watengenezaji hawalingani, na farasi hawalingani pia. Farasi aliyetoka mbio za Ngong huweza kuwa na mwili mkubwa na kichwa chembamba cha saizi ya kati. Mwingine ana paji pana na uso mfupi, anataka mkanda wa paji mkubwa na mashavu madogo. Pima kwa utepe wa fundi cherehani: kona ya mdomo, juu kupitia nyuma ya masikio, mpaka kona ya pili, kisha paji, kutoka nyuma ya sikio moja hadi nyuma ya jingine. Kwenye paji ongeza sentimita 2.

Paji ndipo watu hukosea zaidi. Mkanda wa paji ukiwa mfupi huvuta ule wa utosi mbele, nao unakandamiza mizizi ya masikio siku nzima. Farasi anatikisa kichwa, mwenyewe anasema ni mkaidi, anamnunulia lijamu kali zaidi. Kumbe dawa ilikuwa mkanda mrefu zaidi kwa sentimita 3. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda wa paji bila kusukuma.

Lijamu ikae juu kiasi cha kutengeneza kunjo moja dogo kwenye kona ya mdomo. Ikiwa hakuna kunjo kabisa na chuma kinagonga meno, pandisha. Ikiwa farasi anaonekana anacheka, shusha. Bizimu za mashavu zifike kwenye matundu ya katikati, ili ubaki na nafasi juu na chini, wala zisikae karibu na jicho. Mkanda wa koo uruhusu vidole vinne vilivyosimama kati yake na taya, maana farasi akiinamisha kichwa taya hurudi nyuma. Ukiwa na mkanda wa pua, uweke vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, na vidole viwili vipite juu ya mfupa wa pua. Usipime ubavuni, kwa sababu huko pana uwazi unaodanganya.

Baada ya kazi

Suuza lijamu na kona za mdomo kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kabla ya kumpa farasi chakula. Hatamu ya plastiki izamishe ndani ya ndoo, ufungue bizimu zote ili maji yapite. Ya ngozi ipanguse kwa sponji iliyokamuliwa, kisha sabuni ya gliserini, kisha ikauke kivulini penye upepo. Isikae juani wala kwenye mfuko wa plastiki. Mafuta mara moja kila wiki mbili au tatu yatosha, matone machache upande wa ndani. Hata ya nazi yanaweza kutumika, mradi yawe kidogo sana: yakizidi, ngozi hulegea kama kitambaa na uzi huoza. Itundike kwenye kopo la maziwa lililopigiliwa ukutani, ili mkanda wa utosi ubaki na duara lake. Msumari huukunja mahali pamoja, na hapo ndipo utakapopasukia. Masika yakianza, ipanguse hata kama haikutumika, kabla ukungu haujaota kwenye mishono.

Wiki ya kwanza hatamu mpya ikaguliwe kila siku, maana ndiyo wiki ya kunyooka. Simama mbele ya farasi, utazame pete mbili za lijamu. Moja ikiwa chini kuliko nyingine na matundu ni yaleyale pande zote, vua hatamu uilaze mezani na upime mikanda ya mashavu: mmoja umerefuka. Kwa sasa pandisha tundu moja upande huo kama nafasi inatosha, kisha mpelekee fundi kipande kimoja cha ngozi akate jozi mpya.